Uchaguzi wa 2002 na Hesabu ya Kura za Bungoma na Kitale

Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2002 ulikiondoa madarakani chama cha KANU, kilichokuwa kimeitawala nchi tangu uhuru mwaka 1963. Mwai Kibaki wa muungano wa NARC alipata takribani asilimia 62 ya kura za urais, Uhuru Kenyatta wa KANU asilimia 31, na Simeon Nyachae wa FORD-People karibu asilimia 6. Katika Bunge, NARC ilitwaa viti 125 kati ya viti 210 vya kuchaguliwa. KANU ikabaki na 64, FORD-People 14, na vyama vidogo vikagawana saba vilivyosalia. Miaka mitano kabla ya hapo KANU ilikuwa na viti 107. Chama kilichokuwa na polisi, machifu, wakuu wa wilaya, redio ya taifa na hazina mkononi mwake kilipoteza serikali kwa kura ya siku moja, na siku tatu baadaye rais mpya akaapishwa.

Kwa katiba iliyokuwepo wakati huo, uchaguzi wa Bunge na uchaguzi wa serikali vilikuwa jambo moja. Mgombea urais alilazimika kushinda kiti chake mwenyewe cha ubunge, na mawaziri wote pamoja na makamu wa rais walitoka miongoni mwa wabunge. Kwa kawaida waziri aliyekataliwa na watu wa eneo lake alikuwa amepoteza uwaziri pia. Ndiyo maana wananchi waliposikia matokeo redioni walifuatilia majina ya wabunge kwa hamu ile ile waliyofuatilia hesabu za urais. Musalia Mudavadi, makamu wa rais, alishindwa katika eneo lake la Sabatia, jambo ambalo halikuwa limempata makamu wa rais yeyote aliye kazini. Cyrus Jirongo alianguka Lugari, na Julius Sunkuli akaanguka Kilgoris.

Wengi waliuita ushindi huo muujiza. Ulishangaza kwa sababu hadi katikati ya mwaka huo KANU ilionekana kuwa na nguvu kuliko wakati wowote tangu kurudi kwa vyama vingi. Lakini mtu akiuangalia kutoka Bungoma na Kitale, sura yake ni nyingine kabisa. Katika sehemu kubwa ya wilaya za Bungoma na Trans Nzoia, wananchi waliipigia KANU kura ya kuikataa mwaka 1992, wakaikataa tena 1997, na 2002 hawakuhitaji kushawishiwa na mtu. Kilichobadilika ni jina waliloandikiwa kwenye karatasi. Mabadiliko ya serikali yalitoka kwa viongozi waliokubali, baada ya kushindwa mara mbili, kugombea kwa jina moja, na kura zilizowangoja zilikuwa zimekaa tayari kwa miaka kumi.

Bungoma ilikuwa katika Mkoa wa Magharibi na Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mpaka huo wa kiutawala una historia ndefu. Enzi za ukoloni ardhi ya Trans Nzoia ilitengewa walowezi wa Kizungu, nao Wabukusu wa Bungoma walikuja huko kama vibarua wa mashamba. Uhuru ulipokaribia, Masinde Muliro, aliyezaliwa pande za Kimilili na kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa chama cha KADU, alidai Kitale iingizwe katika Jimbo la Magharibi. Dai hilo halikufaulu. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, KADU ikavunjwa mwaka uliofuata, na Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Watu lakini waliendelea kuhama. Kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua mashamba, familia nyingi kutoka Bungoma zilihamia Trans Nzoia, na siasa za wilaya hizo mbili zikawa za ukoo mmoja.

Muliro mwenyewe alionyesha mapema gharama ya kusimama upande wa pili. Mwaka 1975, akiwa waziri, aliiunga mkono Bungeni ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya mbunge J. M. Kariuki, akafukuzwa kazi. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi virudi, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku na wengine. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982, kikafutwa. Muliro hakuuona uchaguzi uliofuata. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi akirejea kutoka London. Aliyemrithi katika siasa za eneo hilo ni Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti, mwanasheria aliyejulikana kwa ufasaha wake wa kusema.

Mwaka 1992 FORD iligawanyika kabla ya kura kupigwa. Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, huku Kenneth Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana zaidi ya asilimia 60. Mwaka 1997 hali ikajirudia: Moi asilimia 40, Kibaki 31, Raila Odinga 11, Wamalwa na Charity Ngilu karibu 8 kila mmoja. Sheria ilimtaka rais awe na kura nyingi kuliko kila mpinzani wake, na apate angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Haikumtaka apate nusu ya kura zote. Wapinzani wenye ngome za kikanda hawangeweza kuifikia mikoa mitano kila mmoja peke yake, na chama tawala kilikuwa na kila sababu ya kufurahia wingi wao.

Ford-Kenya, tawi la FORD lililoongozwa na Jaramogi, ni mfano mzuri wa namna mgawanyiko huo ulivyotengenezwa na viongozi wenyewe. Jaramogi alipofariki Januari 1994, Wamalwa alichukua uenyekiti. Raila, mwana wa Jaramogi, naye aliutaka. Mvutano wao ulifika kileleni katika mkutano wa chama uliovurugika Thika mwaka 1996, na Raila akaondoka kwenda chama cha NDP. Ford-Kenya ikabaki chama chenye mizizi yake Bungoma na Trans Nzoia, na sehemu kubwa ya viti 17 ilivyopata mwaka 1997 ilitoka huko. Kilikuwa chama chenye wafuasi waaminifu kupindukia, na kisichoweza kuunda serikali. Mkulima wa Kimilili au Kiminini aliyekipigia kura alijua mbunge wake atakaa upande wa upinzani, barabara yake itangoja, na mkuu wa wilaya ataendelea kumtazama kwa jicho la kando. Aliipiga kura hiyo hata hivyo. Uaminifu wa namna hiyo, wa watu waliolipia gharama ya kura yao kila siku, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa katika historia zinazoanza na kuisha Nairobi.

Gharama yenyewe haikuwa ya barabara peke yake. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwishoni mwa 1991 upande wa Nandi yalifika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na maelfu ya watu walifukuzwa kwenye mashamba yao. Wengi hawakurudi. Wakati huohuo mashirika yaliyobeba uchumi wa eneo yalidhoofika. KCC, iliyokuwa ikinunua maziwa ya wafugaji, iliporomoka huku ikidaiwa malipo. Bodi ya Nafaka haikuwa tena mnunuzi ambaye mkulima wa mahindi angemtegemea. Mashamba ya shirika la serikali la ADC, ambayo Trans Nzoia ilikuwa nayo mengi, yalimegwa na kugawiwa wakubwa. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliorodhesha mashamba hayo ya ADC miongoni mwa mali za umma zilizonyakuliwa.

Tarehe ya uchaguzi ilikuwa na uzito wake. Trans Nzoia huvuna mahindi mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wiki ya Krismasi nafaka huwa imeanikwa uani au imejazwa kwenye magunia ya kilo 90, na kila familia huwa inafanya hesabu: bei itakuwa kiasi gani, mbolea ya msimu ujao itagharimu nini, na watoto watarudi shuleni Januari kwa karo ipi. Shule za msingi zilitoza ada za kila namna, kuanzia madawati na mitihani hadi mshahara wa mlinzi. NARC iliahidi elimu ya msingi bila malipo, na ahadi hiyo iliingia moja kwa moja katika hesabu iliyokuwa ikifanywa kando ya magunia. Ahadi za katiba mpya na nafasi za kazi 500,000 kwa mwaka nazo zilivutia, lakini hakuna iliyokuwa karibu na nyumba kama ile ya karo.

Muungano wenyewe ulizaliwa kwa makosa ya KANU na kwa subira ya wapinzani wachache. Katiba ilimzuia Moi kugombea tena baada ya vipindi viwili vilivyohesabiwa tangu 1992. Tarehe 18 Machi 2002, katika uwanja wa Kasarani, KANU iliungana na NDP ya Raila, na wengi wakaona mambo yamekwisha. Miezi michache baadaye Moi alimtangaza Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake. Waliojiona wana haki zaidi, akiwemo Raila, Kalonzo Musyoka, George Saitoti na Joseph Kamotho, waliasi. Saitoti alifutwa umakamu wa rais mwishoni mwa Agosti. Kundi hilo likahamia chama cha LDP. Upande wa pili Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikuwa tayari wameungana katika NAK, na wamekubaliana kwamba Kibaki awe mgombea na Wamalwa makamu wake. Tarehe 14 Oktoba, katika Uhuru Park, Raila alitamka "Kibaki tosha", na wiki moja baadaye NAK na LDP zikatia saini mkataba wa maelewano uliozaa NARC. Wagombea wanne waliogawana kura za upinzani mwaka 1997 walikuwa sasa upande mmoja. Wamalwa na Raila, waliovunja chama kimoja vipande viwili Thika, walipanda jukwaa moja.

Uamuzi wa Wamalwa hutajwa kwa mstari mmoja katika simulizi nyingi, na hilo si haki. Alikuwa na chama kilichosajiliwa, ngome isiyoyumba na jina linalojulikana nchi nzima. Mwaka 1997 asingekubali. Alipokubali mwaka 2002 kumwachia Kibaki, aliuweka mguu wa tatu wa jiko, na bila mguu huo muungano wa NAK usingesimama kungoja waasi wa KANU waje. Kura za Ford-Kenya za Bungoma na Trans Nzoia zilihama pamoja naye. Hakuna aliyelazimika kuwaeleza wafuasi wa Ford-Kenya kwa nini Mkikuyu wa Othaya apigiwe kura Webuye. Walikuwa wamesikia kwa Wamalwa mwenyewe, na hilo lilitosha.

KANU nayo ilijua Magharibi ndiyo mizani. Tarehe 4 Novemba Moi alimteua Mudavadi, aliyekuwa ameonekana na waasi kisha akarudi, kuwa makamu wa rais. Hivyo Waluhya wa Magharibi, ambao Wabukusu ni sehemu yao, wakawekewa makamu wawili mezani: mmoja aliye ofisini tayari, katika serikali iliyobakiza wiki nane, na mwingine aliyeahidiwa na muungano ambao haujashinda. Mkoa ulichagua ahadi. Kibaki alipata takribani robo tatu ya kura za Magharibi. Hapa kuna tofauti ambayo hesabu ya mkoa mzima huificha. Kakamega na Vihiga zilikuwa zimeipa KANU kura nyingi mwaka 1997, hivyo huko wapigakura walibadilika kweli. Bungoma walibaki pale pale walipokuwa.

Hesabu ya kitaifa inaunga mkono jambo hilo kwa namna inayoshangaza. Mwaka 1997 Kibaki, Raila, Wamalwa na Ngilu kwa pamoja walipata kura zaidi kidogo ya milioni 3.5. Mwaka 2002 Kibaki peke yake alipata karibu milioni 3.65. Si watu wale wale wote: Uhuru alichukua sehemu ya kura za Mkoa wa Kati, na LDP ilileta kura ambazo awali zilikuwa za KANU. Lakini jumla haikukua sana. Iliyopungua ni KANU, kutoka takribani milioni 2.5 za Moi hadi milioni 1.8 za Uhuru, huku waliojiandikisha wakiwa zaidi ya milioni 10 na waliojitokeza wakiwa asilimia 57 hivi. Wimbi la umma linalosimuliwa mara nyingi lilikuwepo mikutanoni na barabarani. Katika masanduku, kilichoonekana ni kura za zamani za upinzani zilizohesabiwa kwa mara ya kwanza katika fungu moja, na wafuasi wengi wa KANU waliokaa nyumbani au kuhamia kwingine.

Kwa upande wa viti, Bungoma ilipeleka Bungeni Mukhisa Kituyi wa Kimilili, Musikari Kombo wa Webuye, Moses Wetang'ula wa Sirisia, Wafula Wamunyinyi wa Kanduyi na Wakoli Bifwoli wa Bumula, wote wa NARC. Trans Nzoia ilitoa viti vyake vyote vitatu kwa NARC: Wamalwa Saboti, Noah Wekesa Kwanza, na Kipruto arap Kirwa Cherangany. Hilo halikuwa jambo la kawaida katika mkoa ambao kwa ujumla ulimpa Uhuru kura nyingi kuliko Kibaki. Kirwa alikuwa Mkalenjin aliyeasi ndani ya KANU miaka kadhaa kabla, na ushindi wake ulionyesha kwamba upinzani wa Kitale haukuwa wa kabila moja. Kwingineko mambo yalikuwa tofauti. Mlima Elgon, wilaya iliyokuwa imekatwa kutoka Bungoma, ilimchagua John Serut wa KANU. Kwa Wasabaot wengi wanaoishi mlimani humo, suala kubwa lilikuwa ardhi, na hofu yao ilikuwa kumezwa na majirani walio wengi zaidi. NARC haikuwa na jibu la hofu hiyo. Miaka michache baadaye, mlima huo ulitumbukia katika umwagaji damu wa kundi lenye silaha la SLDF na operesheni ya kijeshi ya 2008.

Kura za 2002 zisingekuwa na maana bila utaratibu wa kuzihesabu. Mwaka 1988 Wakenya walipanga mstari nyuma ya wagombea, katika uteuzi uliojulikana kama mlolongo, na mstari mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Mwaka 1992 na 1997 kura zilikuwa za siri, lakini masanduku yalisafirishwa usiku hadi ukumbi mmoja wa kuhesabia katika kila eneo la ubunge, na safari hiyo ndiyo iliyozaa malalamiko mengi. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa kituoni. Katika darasa la shule ya msingi, mlango umefungwa na taa imewashwa, msimamizi wa kituo alikunjua kila karatasi na kuiinua mbele ya mawakala wa vyama. Karatasi zilikuwa tatu kwa kila mpigakura: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mawakala walitia saini fomu ya matokeo, na kabla ya gari kuondoka na masanduku, idadi ilikuwa imeshajulikana kijijini na kupelekwa mjini kwa simu za mkononi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zikienea. Mageuzi ya IPPG, yaliyoafikiwa kati ya KANU na upinzani mwaka 1997, yalikuwa tayari yamewaingiza wateule wa upinzani katika Tume ya Uchaguzi chini ya Samuel Kivuitu. Kati ya sababu zote za ushindi, hii ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha. Matokeo yaliyokwisha kujulikana katika kila darasa la kuhesabia ni vigumu kuyageuza Nairobi.

Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu ya ajali ya barabarani aliyoipata tarehe 3 mwezi huo. Siku moja kabla, Uhuru alikuwa amekubali kushindwa. Moi alikabidhi madaraka huku akizomewa na kurushiwa matope, akaenda nyumbani Kabarak. Afrika ilikuwa imeshaona vyama vya uhuru vikiangushwa kwa kura, Zambia mwaka 1991 na Malawi 1994, na Ghana na Senegal zilibadilisha serikali kwa chaguzi za mwaka 2000. Katika Afrika Mashariki lilikuwa jambo jipya.

Tarehe 3 Januari 2003 Wamalwa aliteuliwa kuwa makamu wa rais. Kituyi alipewa wizara ya biashara na viwanda, Kirwa kilimo. Mwezi huohuo ada za shule za msingi ziliondolewa, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka takribani milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7, wengine wakikaa sakafuni kwa kukosa madawati. Serikali iliirudisha KCC mikononi mwa umma mwaka huo. Kwa mfugaji wa Trans Nzoia hayo yalikuwa matunda yaliyoonekana kwa macho. Wamalwa hakuishi kuyasimamia. Alifariki London tarehe 23 Agosti 2003, akiwa na miaka 58, akazikwa Kitale. Moody Awori, Mluhya wa Busia, akashika nafasi yake.

Mkataba wa maelewano, uliomwahidi Raila uwaziri mkuu, haukutekelezwa, na katiba mpya haikuja katika siku 100 zilizoahidiwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 upande wa LDP na mabaki ya KANU uliishinda serikali, na NARC ikafa kwa vitendo. Ford-Kenya ilibaki na Kibaki, lakini bila Wamalwa haikuwa tena chama cha sauti moja. Kombo alichukua uongozi, Kituyi akajitenga na kuunda New Ford-Kenya. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 kura za eneo hilo ziligawanyika kati ya ODM ya Raila, PNU ya Kibaki na matawi ya Ford. Kombo alishindwa Webuye, Kituyi akashindwa Kimilili, na Kirwa akapoteza Cherangany.